Deki ya Sebuleni Ndiyo Inayoamua

Kwangu mimi diski ya DVD haijawa nakala mpaka deki ya sebuleni iicheze. Kompyuta haina makuu, ukiipa faili yoyote inaitafuna. Deki, hasa ile kongwe ambayo mama hataki kusikia habari ya kuibadilisha, ni mzee mwenye masharti.

Ninazohangaika nazo zaidi ni filamu za ukoo: harusi, mahafali, hitima ya babu. Sinema za kununua ukipoteza moja utaipata nyingine; harusi ya dada haiuzwi popote. Halafu hizo za ukoo ndizo zinazowahi kufa. Diski ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki yenyewe, lakini ya kuchoma nyumbani inategemea utando wa rangi ambao leza imeubadilisha, na rangi hiyo huharibiwa na joto na jua. Ikianza kukwama kwama, usingoje.

Wengi wanaoniletea diski isiyocheza wameburuta faili ya video, wakaichoma kama wanavyohifadhi barua. Deki za zamani haziijui faili hiyo. Zinatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake VOB zenye picha na sauti, zilizokatwa vipande visivyozidi GB 1, pamoja na IFO zinazoieleza deki menyu iko wapi na sura ipi inaanzia wapi. Kuna na BUP, ambayo ni IFO ileile imerudiwa, ikae tayari ya kwanza ikikwaruzwa. Yaani waliobuni DVD walishaweka akiba ndani ya diski yenyewe! Nikiwa na diski nzima isiyo na kufuli sichambui faili mojamoja: natoa taswira ya diski yote, yaani faili moja ya ISO iliyobeba kila kilichomo, kisha naichoma ilivyo.

Ukubwa nao una mtego. Diski tupu ya kawaida imeandikwa GB 4.7, ila kompyuta nyingi zitakuonyesha 4.37 kwa sababu zinahesabu kwa 1024 badala ya 1000. Ya matabaka mawili inabeba 8.5. Kitu cha matabaka mawili hakiingii kwenye tabaka moja, basi ama ununue tupu ya aina hiyo, ama upunguze. Programu nyingi hukimbilia kuikamua picha. Mimi naanza kutupa mapambo, menyu zenye muziki na mahojiano ya pembeni, ndipo niiguse picha, tena kwa shingo upande.

Kwa deki kongwe nachagua diski tupu za aina ya DVD-R. DVD+R ilikuja baadaye, na baadhi ya deki huikataa mpaka ijitambulishe kuwa DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani, jambo ambalo si kila kichomeo kinaliweza. Kasi naiweka ya kati, na mwishoni nahakikisha diski imefungwa, yaani kichomeo kimekamilisha uandishi wake (finalize), maana isiyofungwa itacheza kwenye kifaa kilichoichoma na kugoma kwingine. Jina naandika kwa kalamu laini isiyokwaruza. Stika sibandiki kabisa. Inaivuta diski upande mmoja, ikizunguka inayumba.

Sinema za kununua zina habari yao. Nyingi zimefungwa kwa CSS, kufuli la kuficha data ili zisinakiliwe, na funguo zake zinakaa sehemu ya ndani kabisa ya diski, ambayo kwenye DVD-R za kawaida imeshajazwa kiwandani ili usiweze kuandika kitu hapo. Ndiyo maana ukinakili hivihivi unapata vigaevigae vya rangi. Kufuli hilo lilivunjwa tangu 1999, lakini sheria ya Marekani ya 1998 inakataza kulivunja, na Uingereza iliyoruhusu nakala za matumizi binafsi mwaka 2014 iliona ruhusa hiyo ikifutwa na Mahakama Kuu mwaka uliofuata. Jua sheria ya kwenu kwanza. Mimi hizo naziacha, natunza kasha tu.

Jaribio langu silifanyi mwanzoni mwa filamu. Diski ya tabaka moja huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na makosa hupenda ukingo wa nje, hivyo naruka moja kwa moja hadi sura ya mwisho, naiacha mpaka iishe, halafu narudi kwenye menyu kwa rimoti. Ikikwama hapo nachoma nyingine kwa kasi ndogo zaidi. Ikipita, diski ya asili inaingia kabatini, na mama anapewa nakala.