Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwinda Nyuzijoto 0.1 Baharini

Nikisema kwamba kazi yangu ni ya setilaiti, watu huniuliza kama nimewahi kushuhudia roketi ikirushwa. Sijawahi. Nikiongeza kwamba ni setilaiti za tabianchi, swali linalofuata huwa ni kama kesho mvua itanyesha, na hilo nalo silijui, kwa kuwa mtabiri wa hali ya hewa hushughulika na siku chache zijazo ilhali mimi hushughulika na miaka 40 iliyopita. Mimi ni mtafiti chipukizi niliyemaliza uzamivu mwaka juzi, nina mkataba wa miaka 2 ambao umebakiza miezi saba, na ninalipwa kulinganisha vipimo vya joto la uso wa bahari vilivyochukuliwa na setilaiti mbalimbali mpaka vifuatane kana kwamba vimepimwa na chombo kimoja. Ninaisimulia Alhamisi moja, ambayo haikuwa mbaya kuliko nyingine, ila ilikuwa ndefu.

Saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hata ya kunawa uso ninafungua kompyuta kutazama kama kazi niliyoiacha usiku kwenye kompyuta kuu imekamilika. Haikukamilika. Ilikatika saa nane usiku kwa sababu faili moja kati ya maelfu halikuwa limepakuliwa lote. Ninalipakua upya, ninairudisha kazi kwenye foleni, na ninaona kwamba mbele yangu kuna kazi za watu wengine thelathini na moja.

Saa mbili ninajibu barua pepe. Saa tatu kasoro ninafungua grafu ambayo imeninyima usingizi wiki nzima.

Naomba niieleze, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Tangu mwaka 1991 Ulaya ilikuwa na vihisi, yaani vifaa vya kupimia vinavyobebwa na setilaiti, vilivyotazama kila kipande cha bahari mara mbili, kwanza kwa mshazari na dakika chache baadaye kutoka juu moja kwa moja, ili tofauti ya mitazamo hiyo miwili ioneshe ni kiasi gani hewa iliyopo katikati imeupotosha mwonzi wa joto utokao baharini. Cha kwanza kilirushwa Julai 1991, mwezi mmoja tu baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka nchini Ufilipino na kutandaza angani chembe ambazo zilivifanya vihisi vya kawaida vyenye mtazamo mmoja viione bahari kuwa baridi kuliko ilivyokuwa. Cha mwisho katika ukoo huo kilikuwa ndani ya setilaiti ya Envisat, ambayo mawasiliano yake yalikatika ghafla tarehe 8 Aprili 2012. Mrithi wake, Sentinel-3A, alirushwa Februari 2016. Katikati pana pengo la karibu miaka minne, na daraja la kulivuka ni vihisi vya mtazamo mmoja, kikiwemo kilichobebwa na setilaiti ya MetOp-A.

Grafu yangu inaonesha kwamba katika ukanda mmoja wa maji matulivu karibu na ikweta, bahari ilipoa kwa nyuzijoto 0.1 za Selsiasi mara tu baada ya Aprili 2012, kisha ikapata joto tena mwaka 2016. Bahari haina mazoea ya kupoa siku ambayo setilaiti imekufa. Kwa mtu anayeoga baharini nyuzijoto 0.1 si kitu, lakini kwa anayetaka kujua bahari inapata joto kwa kasi gani katika muongo mmoja, kosa la ukubwa huo linatosha kuibadili hesabu yote. Saa mbili nzima ninazitumia kulinganisha na maboya, nikikumbuka kwamba boya hupima maji yaliyo chini kidogo ya uso ilhali setilaiti huona ngozi ya juu isiyofika unene wa milimita, ambayo usiku huwa baridi zaidi kwa takriban nyuzijoto 0.2. Maboya hayaoneshi kupoa kokote. Basi kosa liko kwetu.

Saa tano ninazungumza kwa simu na mwanafunzi wa uzamili aliyeomba ushauri wa namna ya kuingia katika fani hii. Ananiita "Daktari" kila baada ya sentensi, nami bado sijazoea cheo hicho. Anadhani lazima awe mhandisi wa vyombo vya anga. Ninamweleza kwamba katika kundi letu yumo aliyesoma fizikia, yumo wa jiografia, yumo wa hisabati na yumo aliyekuwa mwandishi wa programu za benki, na kwamba jambo analohitaji zaidi ni takwimu, lugha ya programu ya Python, na uvumilivu wa kusoma maelezo ya faili yaliyoandikwa na mtu aliyestaafu. Data zenyewe ni bure: picha za setilaiti za Marekani za Landsat zilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2008, na za Sentinel za Ulaya zilitolewa kwa utaratibu huo tangu mwanzo, kwa hiyo anaweza kuanza leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa.

Anauliza kuhusu nafasi. Ninamtajia ufadhili wa miaka 2 ambao Wakala wa Anga za Juu wa Ulaya, ESA, umekuwa ukiwapa watafiti waliotoka tu kwenye uzamivu kupitia programu yake ya mabadiliko ya tabianchi, na mpango wa NASA wa watafiti wa baada ya uzamivu, ambao huanza kwa mwaka mmoja na unaweza kuongezwa hadi kufikia mitatu. Ninamwambia pia asidharau kazi zisizo na mshahara mkubwa wala jina: wakati ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ilipokuwa inaandaliwa, makundi ya watafiti chipukizi yalialikwa kuzihakiki rasimu zake, na baadhi ya sura za ripoti hiyo zilikuwa na wanasayansi vijana wa kuwasaidia waandishi. Zaidi ya nusu ya vigezo muhimu vya tabianchi vinavyoorodheshwa na mfumo wa dunia wa uangalizi wa tabianchi, GCOS, hutegemea setilaiti kwa kiasi kikubwa, hivyo kazi ipo. Jambo ambalo simwambii, kwa sababu saa sita imegonga na ninaitwa kikaoni, ni kwamba rekodi ya miaka 40 inatunzwa kwa sehemu kubwa na watu wenye mikataba ya miaka 2, na kwamba mtu anapoanza kuijua tabia ya kihisi chake ndipo anapolazimika kuanza kuandika maombi ya kwenda kwingine.

Kikao kinakwisha. Profesa anaitazama grafu yangu kwa dakika moja na kusema, "Angalia saa." Nadhani ananikumbusha muda, ninajibu kwamba nina haraka pia.

Nina haraka kweli, kwa kuwa leo saa kumi na moja jioni dirisha la maombi ya ufadhili ninaoutaka linafungwa, nami sina barua ya taasisi mwenyeji. Andiko la mradi lilikamilika wiki mbili zilizopita. Bajeti ipo. Wadhamini wawili wameshatuma maoni yao. Inayokosekana ni karatasi moja inayosema kwamba taasisi itanipa meza, kompyuta na msimamizi kwa miezi 24, iliyosainiwa na mwenye mamlaka na kupigwa muhuri. Niliiomba majuma matatu kabla. Wakataka bajeti kwanza, nikatuma. Wakasema iwe kwenye fomu yao, nikaihamisha. Wakasema fomu hiyo imebadilishwa mwezi huu, nikaihamisha tena. Sasa ni saa saba na nusu na simu inapokewa na sauti yenye upole wa kukatisha tamaa.

"Samahani sana, anayesaini yuko kikaoni."

"Kikao kinakwisha saa ngapi?"

"Hicho ni kikao cha bajeti, mpendwa. Hakina saa."

Ninapiga tena saa nane na robo, na tena saa tisa kasoro dakika kumi, na katikati ninajaribu kupunguza muhtasari wa mradi kwa sababu kumbe fomu ya mtandaoni huhesabu hata nafasi kati ya maneno, nami nimezidisha herufi mia moja na arobaini. Ninafuta sentensi niliyoipenda kuliko zote, ile inayoeleza kwa nini pengo la 2012 ni muhimu. Saa kumi kasoro robo barua inaingia. Moyo unatulia kwa muda wa kuifungua tu, kwani inasema watanipokea kwa miezi 12. Ninapiga simu. Naelezwa kwamba kielelezo chao cha barua kina miezi 12 na hakuna aliyewahi kulalamika. Ninasema kwa sauti niliyokuwa nimeiweka akiba tangu asubuhi kwamba ufadhili wenyewe ni wa miezi 24, kwamba barua yenye miezi 12 itanitoa kabla mtu hajasoma hata kichwa cha mradi, na kwamba ninaomba kwa unyenyekevu mkubwa namba moja ibadilishwe. Ananyamaza. Kisha, na nitamshukuru daima kwa hilo pamoja na yote, anasema, "Usikate simu, namfuata mlangoni mwenyewe." Ninasikia viatu vyake vikienda, mlango, maneno nisiyoyapata, kicheko cha mtu, mlango tena.

Barua ya pili inafika saa kumi na dakika thelathini na nane. Ni picha ya karatasi yenye megabaiti sita, na tovuti inakubali tano. Ninaipunguza mara ya kwanza saini inageuka ukungu. Mara ya pili inasomeka. Ninabonyeza kutuma dakika nane kabla ya mwisho. Ujumbe wa kukiri kupokea unachelewa kwa dakika tatu ambazo sitaki kuzisimulia.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Nadhani nilikaa tu. Giza lilikuwa limeingia nilipoona kwamba ile kazi ya asubuhi imemaliza foleni na kukamilika, na ndipo maneno ya Profesa yaliponirudia kwa maana yake. Envisat ilivuka ikweta saa nne asubuhi kwa saa za mahali inapopita, na Sentinel-3A hufanya hivyo pia. MetOp-A ilikuwa ikivuka saa tatu na nusu. Katika maji yasiyo na upepo, nusu saa ya jua la asubuhi inatosha kuanza kuipasha ngozi ya bahari, hivyo anayepita mapema ataiona baridi zaidi hata kama wote wawili wanapima kwa usahihi.

Nikatoa vipimo vyote vya mchana, nikabakiza vya usiku, nikachora upya. Ile ngazi ya kupoa kwenye grafu ilipungua kwa karibu nusu. Nusu nyingine ilibaki palepale, na huenda ni mawingu membamba yanayoponyoka kwenye kichujio chetu gizani. Nikaandaa jaribio jipya la kukibana kichujio hicho, nikaliweka kwenye foleni nyuma ya watu kumi na tisa, na safari hii nikahakiki kila faili kabla ya kuzima taa.