Klarineti ya binti yangu ilivyoacha kuvuja

Klarineti ya binti yangu, ala ya muziki ya kupuliza, ni ya plastiki, ya daraja la wanafunzi, na niliinunua hapa Mombasa ikiwa imeshatumika miaka mingi. Baada ya miezi michache ilianza kusumbua: sauti za chini zilitoka kwa taabu, na kila alipotaka kupanda kwenda sauti za juu ilipiga ukelele. Fundi mmoja alishikilia kwamba pedi zote, yaani vile vifuniko laini vilivyo chini ya vibonyezo na vinavyoziba matundu, zibadilishwe, kwa malipo yaliyokaribia nusu ya bei niliyoinunulia. Ushauri ule unanikera hadi leo, kwa kuwa pedi mbovu ilikuwa moja tu.

Niliitambua kwa karatasi ya kusokotea sigara, inayopatikana dukani kwa shilingi chache. Nilikata ukanda mwembamba, bila ile sehemu yenye gundi, nikaupitisha chini ya kila pedi, nikafunga kibonyezo na kuuvuta polepole, mbele, nyuma na pembeni. Pedi nzima huishika karatasi kwa nguvu ileile pande zote. Ile moja iliiachia upande wa nyuma, na nilipoitazama kwenye mwanga nikaona utando wake umepasuka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu jioni mbili. Nilipata pedi mpya ya kipimo kile kile, nikaibandika kwa supagluu, nikidhani gundi kali ndiyo bora. Pedi ilikaa imeinama kidogo tu, unene wa ukucha, lakini gundi ilikuwa imekwisha kukauka na sikuweza kuisogeza. Ilinilazimu kuikwangua kwa ncha ya kisu, nikaiharibu, nikanunua nyingine. Safari hii nilitumia gundi ya kijiti, ile inayoyeyushwa kwa moto. Nilikichomoa kibonyezo kwanza, kwa sababu moto ungeliharibu umbo la plastiki, nikakipasha kikombe chake kinachoishika pedi, nikaiweka pedi, kisha nikakirudisha mahali pake kingali na uvuguvugu na kukibonyeza taratibu. Gundi ikiwa bado laini, pedi hujitafutia usawa wake juu ya ukingo wa tundu, na isipokaa vizuri unakipasha tena.

Hata hivyo hewa iliendelea kuvuja. Binti aliitenga sehemu ya juu, akaziba matundu kwa vidole vya mkono wa kushoto na mwisho wa chini kwa kiganja cha kulia, akafyonza; mvuto ulipotea papo hapo. Nilihangaika sana mpaka nikakumbuka kwamba jirani alikuwa amenishauri nikaze skrubu zote, nami nilikuwa nimezikaza. Kumbe ile skrubu ndogo iliyo kwenye kibonyezo cha sauti ya "la", karibu na kichwa cha ala, si ya kushikilia kitu, bali huamua umbali kati ya kibonyezo hicho na kile kilicho kando yake. Ikikazwa kupita kiasi, pedi haifungi sawasawa. Niliilegeza robo mzunguko kwa bisibisi ya miwani.

Kulikuwa pia na koki, lile gome laini kama la kizibo cha chupa, iliyobanduka kwenye kiungo cha kati. Mzee mmoja mpiga zumari alinitazama nikihangaika nayo, akasema, "Mwanangu, zungushia uzi, sisi ndivyo tufanyavyo." Nilizungushia uzi wa pamba wa cherehani, kwa usawa, nikaupaka nta, na kiungo kikabana bila kulegalega. Wako wanaopaka mafuta ya nazi; mimi sikuyataka karibu na pedi.

Pedi inayonata nayo isitiwe poda, maana poda hugeuka tope. Ukanda wa karatasi safi uliobanwa chini yake hunyonya unyevu, na hapa pwani ninalifanya hilo kila baada ya mazoezi, pamoja na kupitisha kitambaa ndani ya ala.

Jioni ile binti alifyonza tena, akaondoa mdomo, na mvuto ukabaki. Nilihesabu hadi saba. Kisha akaiunganisha ala yote na kupanda kwenda sauti za juu, bila ukelele hata mmoja.