Brooklyn ya Wanorwei: kwa miguu kutoka 8th Avenue hadi Bay Ridge

Safari hii niliianzia 8th Avenue, barabara ya Brooklyn, na ndivyo ninavyomshauri kila anayetaka kuelewa maisha ya Wanorwei wa New York. Wengi huenda moja kwa moja Bay Ridge, eneo jirani, wakakosa nusu ya habari.

Kutoka Manhattan nilipanda treni ya N na kushuka kituo cha 8th Avenue, mtaa wa 62. Jumamosi na Jumapili ratiba hubadilika kwa sababu ya matengenezo ya reli, na huenda treni ikapitiliza kituo bila kusimama. Soma matangazo kabla ya kupanda.

Ukitoka kituoni unakuta mabango ya Kichina na matangi ya samaki hai. Hapa ndipo palipoitwa kwa utani Lapskaus Boulevard, kwa jina la mchuzi wa nyama na viazi wa Kinorwei. Wanorwei wa kwanza walikuwa mabaharia walioshukia kwenye gati za Red Hook, bandarini Brooklyn; baadaye wakaja maseremala na wajenzi wa gati, wengi kutoka Farsund, Lista na Kvinesdal, pwani ya kusini mwa Norwei. Walihamia kusini kidogo kidogo kufuata nyumba bora. Klabu yao ya michezo, Gjøa, iliyoanzishwa mwaka 1911, ilipewa jina la meli ya mvumbuzi wa Kinorwei Roald Amundsen.

Lapskaus yenyewe ni chakula cha mtu anayerudi kazini na njaa. Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe ya chumvi, weka viazi kilo moja na robo, karoti tatu na vitunguu viwili. Roweka nyama usiku kucha, mwaga maji, kisha ichemshe kwa moto mdogo mpaka ilainike. Viazi usivitie vyote pamoja: nusu vitangulie, vivurugike na kuufanya mchuzi uwe mzito, nusu nyingine vifuate dakika ishirini kabla ya kuepua, vibaki vipande. Ukivitia vyote mapema unapata uji, ukivichelewesha vyote mchuzi unabaki maji. Chumvi onja mwisho kabisa, maana nyama bado inaitoa.

Kutoka kituoni nilikwenda hadi Leif Ericson Park, ukanda wa bustani kati ya mitaa ya 66 na 67, kisha nikaufuata kushuka magharibi hadi 4th Avenue. Huko kuna jiwe la kumbukumbu ya Leif Ericson, baharia wa Kiviking wa kale, lililozinduliwa mwaka 1939 na Mwanamfalme Olav wa Norwei. Usipite haraka.

Jambo linalonigusa zaidi katika historia ya watu hawa ni hospitali. Mwaka 1883 Sista Elisabeth Fedde alifika kutoka Norwei kuwahudumia mabaharia wagonjwa na familia maskini. Kazi aliyoianza ikakua hadi kuwa Lutheran Medical Center, hospitali ya watu wote wa Sunset Park, eneo la 8th Avenue.

Kwa nini Wanorwei walipungua hapa? Barabara ya juu ya Gowanus iliifunika 3rd Avenue kwa kivuli na kelele. Kisha ujenzi wa daraja la Verrazzano, lililofunguliwa mwaka 1964, ukawahamisha watu wapatao 7,000 wa Bay Ridge, Wanorwei wakiwamo. Makontena yakapunguza kazi za gatini, na mafuta yaliyogunduliwa Ekofisk, katika bahari ya Norwei ya kusini, mwaka 1969 yakawapa vijana wa Norwei sababu ya kubaki kwao. Waliorudi Lista waliichukua Brooklyn pamoja nao: mji wa Vanse una uwanja uitwao Brooklyn Square.

Ukiweza kuchagua siku, njoo Jumapili iliyo karibu na tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba ya Norwei ya mwaka 1814. Gwaride hupita Bay Ridge na kuishia bustanini. Simama karibu na bustani, uone vizuri bunad: mavazi ya sufu yenye taraza na vifungo vya fedha, ambayo hutofautiana kwa kila eneo. Jua la Mei linaweza kuwa kali, nayo sufu ni nzito, kwa hiyo wavaaji hutafuta kivuli mara gwaride linapokwisha. Ukitaka kuwauliza kuhusu mavazi, wahi hapo. Kurudi, treni ya R iko kituo cha Bay Ridge Avenue, mtaa wa 69, hatua chache tu.