Nipe vitenge, mama

Ahadi ilikuwa cherehani. Mwaka 2014 shangazi yangu alinileta Dar es Salaam kutoka Kilolo, Iringa, akanikabidhi kwa bosi wangu pale stendi ya Ubungo, mimi na begi langu. Bosi akaahidi kama wanavyoahidi wote: "Akitulia, baada ya miaka miwili nampeleka chuo cha ufundi, VETA Chang'ombe, akasomee ushonaji." Sijawahi kukutana na dada wa kazi ambaye hakuahidiwa kitu. Wengine huahidiwa saluni, wengine chuo cha hoteli. Mwenzangu mmoja wa nyumba ya nyuma yetu, Tabata, aliahidiwa kusomea kompyuta, na mpaka anarudi kwao Singida kompyuta pekee aliyoigusa ni ile ya bosi wake, tena kwa kuifuta vumbi.

Nisimwonee bosi wangu lakini. Sikulala jikoni, nilikuwa na chumba na kitanda. Tulikula sufuria moja. Siku niliyoshikwa na malaria ya kutapika alinipeleka zahanati mwenyewe, akachelewa kazini kwa ajili yangu. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 40,000, kima cha chini kilichotangazwa na serikali mwaka 2013 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake, na mtaani kwetu walikuwepo waliokuwa wanalipwa nusu ya hapo. Ila hela yenyewe sikuishika. "Nakutunzia," alisema. "Mkikaa na hela nyie mnadanganywa na bodaboda." Nikitaka ya kutuma nyumbani, au ya sabuni na pedi, naomba, anatoa. Na mimi naandika.

Hilo la kuandika ndilo lililonisaidia baadaye, ingawa wakati naanza sikuwa na mpango wowote. Junior, mtoto wa bosi, alikuwa na daftari la mwandiko alilotumia kurasa chache tu, kisha akalijaza magari. Nikalichukua. Kwenye kurasa zilizobaki nikapiga mistari mitatu kwa rula yake ya plastiki: mwezi, kilichoingia, kilichotoka. Machi, 40. Nyumbani 15. Pedi, sabuni, vocha, 6. Kandambili 3. Mwisho wa ukurasa najumlisha kilichobaki kwa bosi, nazungushia duara. Nadhani nilimwiga baba, aliyekuwa akihesabu magunia ya viazi kwa kuchora mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na ole wake mtoto atakayeufuta.

Shule niliishia la saba, mwaka 2011. Nilifaulu, jina likabandikwa kwenda shule ya kata. Watu wa mjini nikiwaeleza hawaelewi jinsi mtu anavyoshindwa kwenda shule ambayo ada yake ilikuwa 20,000 kwa mwaka. Ada haikutushinda. Michango ndiyo iliyotushinda: dawati, mlinzi, chakula cha mchana, rimu ya karatasi, sare mbili, viatu vyeusi. Baba akasema tusubiri mwakani. Mwakani akaugua, na habari ikaishia hapo bila mtu yeyote kutamka kwamba imeisha. Ilipofika Januari 2016 serikali ikafuta ada hadi kidato cha nne, na michango ya lazima nayo ikapigwa marufuku. Mdogo wangu wa kiume akaingia kidato cha kwanza kwenye shule ile ile. Mama alinipigia simu kunipa habari nikiwa napiga deki sebuleni, nikapiga vigelegele, halafu nikaenda chooni nikalia.

Mwaka huo miaka miwili ya ahadi ikatimia. Nikakumbushia kwa adabu, kwa kuzunguka, kama anavyokumbushia mtu aliye chini: "Mama, hivi wale wa VETA huwa wanaanza mwezi gani?" Akasema Junior kwanza azoee shule. Nikakumbushia tena. Akasema baba Junior akirudi kutoka safari watakaa waongee. Mara ya mwisho hakusema kitu, aliongeza sauti ya televisheni.

Tangazo nililiona kwenye nguzo ya umeme karibu na genge ninaponunua mboga. Karatasi ya njano, herufi za mkono: QT, kurisiti, walimu wazoefu, ada nafuu, piga namba hii. Nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kulisoma, maana nguzo ile ilikuwa na kila kitu, kuanzia waganga mpaka vyumba vya kupanga. Siku ile mama wa genge alikuwa anasubiri chenji kutoka duka la jirani, nikawa nimesimama tu, nikamuuliza QT ni nini. Akaniambia ni Mtihani wa Maarifa, mdogo wake ameufanya. Hukwenda sekondari? Unasoma kwenye kituo, unafanya QT, ukifaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. "Na cheti ni kile kile," akasema huku ananifungia mchicha. "Hakuna cheti cha wasichana wa kazi."

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili vya bati nyuma ya kanisa, na mchana vilikuwa vinawaka kama tanuri. Mwalimu niliyemkuta alikuwa anakula mihogo ya kukaanga kwenye gazeti. Akaniuliza nilimaliza la saba wapi na mwaka gani, akaandika. Ada ya mtihani 30,000. Usajili mwisho tarehe 28 Februari, baada ya hapo kuna faini ya 10,000. Kituo ni 15,000 kwa mwezi, masomo saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kisha akauliza nataka kuwa nani. Swali hilo nilikuwa sijaulizwa tangu darasa la tano. Nikamjibu bila kufikiri: nesi.

Njiani narudi ndipo likanijia jambo ambalo mpaka leo naona ndilo kubwa kuliko yote yaliyotokea baadaye. Mimi cherehani sikuwahi kuitaka. Sijui kushona hata kifungo kikakaa sawa. Ile cherehani aliitaja bosi pale stendi, shangazi akaitikia, na mimi nikaibeba miaka yote hiyo kama yangu, naikumbushia, naikasirikia, naisemea kwa wenzangu kwamba nimedhulumiwa. Hata kama bosi angenipeleka Chang'ombe kesho yake asubuhi, angekuwa amenipeleka kwenye ndoto yake. Nilichokuwa nadai kwake hakikuwa changu. Changu kilikuwa kwenye daftari la Junior, kimezungushiwa duara: shilingi laki tatu na themanini elfu.

Nikachagua Jumapili jioni. Siku za kazi bosi hurudi amechoka na foleni ya Buguruni, huwezi kumwambia kitu. Jumapili ametoka kanisani, amekula wali, anapanga biashara yake. Biashara yenyewe ilikuwa vitenge: anachukua Kariakoo kwa jumla, anawakopesha wafanyakazi wenzake ofisini, wanamlipa mishahara ikitoka, kwa mafungu mawili. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, vitenge vimemzunguka, anaandika majina. Mimi nilikuwa nanyoosha sare za Junior. Nikazima pasi.

"Mama, samahani, naomba tuongee."

"Usiniambie unataka kwenda kwenu."

"Hapana, mama. Nataka hela yangu. Nimepata shule."

Akainua kichwa. Nikamweleza kituo, mtihani, tarehe. Sikuitaja VETA kabisa, na naona hilo lilimshangaza kuliko mengine, maana alikuwa ameshajiandaa kujibu la VETA. Akanyamaza, halafu akasema, "Hela yako ipo. Ila ipo kwenye mzunguko."

"Mzunguko upi, mama?"

Akaonyesha vitenge kwa mkono.

Nikaenda kuleta daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nataka niseme ukweli. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikalifungua upande wa magari badala ya upande wa hesabu, Junior akaja mbio kuonyesha basi alilolichora. Bosi akalipokea akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka na mistari. Alitafuta kosa, nilimwona. Kwenye Agosti akasema, "Hii elfu tano nilikupa ya shangazi yako, hujaiandika." Nikamgeuzia ukurasa, ipo. Akafika mwisho kwenye duara, akavua miwani.

"Mwezi huu sina hata elfu kumi ya taslimu," akasema, na sauti haikuwa ya bosi. Akaniambia mambo ambayo hakuwa na sababu ya kuniambia: baba Junior hajatuma kitu tangu Novemba, ada ya Junior ameikopa kwenye kikoba, na wale wa ofisini wanamzungusha. Miaka yote nilidhani hela yangu imekaa benki mahali, imekunjwa vizuri. Kumbe imevaliwa na watu wa uhasibu.

Sikupanga kusema nilichosema. Kilitoka tu.

"Basi nipe vitenge, mama."

"Vitenge?"

"Nipe kwa bei uliyonunulia, tuandike kwenye daftari, nikauze mwenyewe."

Akacheka kwanza. Halafu akaona sicheki. Hoja yake ya kwanza ikawa ya kibiashara, na hapo nikajua nimeshaeleweka: "Utaniharibia soko. Mimi nauza 18,000, wewe ukiuza chini yake watu wataniona mwizi." Nikamwambia wateja wake wako ofisini, wanakopa. Wangu wako genge, wapo saluni, wapo kwa mama ntilie wa kituoni, na mimi simkopeshi mtu. Yeye kanunua 12,000, nitauza 15,000, hela mkononi. Tukabishana kidogo juu ya ipi nichukue. Alitaka kunipa zile zilizomdodea, za maua makubwa ya kijani, nikasema nachagua mimi. Nikachagua sita. Akaandika 72,000 chini ya duara langu, kwa kalamu yake, akaweka sahihi. Sikumwomba sahihi. Nadhani ni mazoea ya ofisi.

Suala la muda lilitusumbua kuliko la hela. Junior anashushwa na basi la shule saa tisa, na yeye bosi akiwahi sana ni saa moja usiku. Nani atakaa na mtoto saa kumi mpaka saa kumi na mbili? Nilikuwa na jibu, kwa sababu nilishaongea na dada wa nyumba ya jirani: yeye akae na Junior jioni, na mimi Jumamosi asubuhi nimshikie mapacha wa bosi wake akienda kusuka. Bosi akataka kujua chakula cha usiku kitapikwa saa ngapi. Nikasema kitakuwa mezani kabla sijatoka, kwenye hotipoti. Nguo? Zinafuliwa alfajiri. Kila aliloliuliza lilikuwa halali, nikalijibu moja moja, mpaka maswali yakamwishia akabaki na moja: "Na ukifaulu si ndiyo utaondoka?"

"Nitaondoka, mama," nikasema. "Ila utajua mapema."

Vitenge niliviuza kwa shida kuliko nilivyojigamba. Mama wa genge alichukua kimoja siku hiyo hiyo, na ndiye aliyenielekeza kwa akina mama wa kwaya waliokuwa wanatafuta nguo za harusi ya mwenzao. Mmoja aliukunja uso akaniuliza msichana wa kazi anapata wapi vitenge vizuri hivi, akimaanisha nimeiba. Nikampa namba ya bosi. Akapiga palepale, mbele yangu, spika imewashwa, na bosi akamjibu kwa ukali ambao sikuutegemea: "Ni vya kwake. Nunua au mrudishie." Akanunua.

Tarehe 24 Februari nilikwenda kituoni na hela ya usajili, na juu yake hela ya mwezi wa kwanza. Mwalimu aliihesabu mara mbili, akaandika jina langu lote, matatu, jina ambalo Dar nzima ilikuwa hailijui maana kila mtu aliniita dada. Jumatatu iliyofuata nilikaa benchi la nyuma, kati ya konda wa daladala na mama mtu mzima wa watoto wanne aliyekuja na kikapu cha nyanya, tukafundishwa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Niliandika kila kitu, mpaka utani wa mwalimu.

Hela yangu iliyobaki kwa bosi iliendelea kulipwa hivyo hivyo, vitenge vichache kila mwezi, na mshahara wa mwezi husika ukawa unakuja mkononi. Mara nyingine alichelewa, nikamwonyesha daftari, akaguna. Kuna miezi masomo yalinishinda, nilisinzia darasani mpaka konda akawa ananipiga kiwiko.

Mtihani niliufanya Novemba 2017, na matokeo yakatoka mwishoni mwa Januari 2018. Bosi ndiye aliyeyaona kwanza, kwenye kompyuta ya ofisini, akanipigia nikiwa namenya viazi. "Umefaulu!" akapiga kelele, nikasikia na wenzake wa uhasibu wanashangilia nyuma. Halafu akashusha sauti: "Ila Hesabu una F."

"Haiwezekani, mama," nikasema. "Mbona deni langu limebaki vitenge vinne na sijakosea?"

Akakata simu. Jioni alirudi na viwili.