Harufu ya yai bovu

Juzi Jumapili binti yangu katoka chumbani kashika pua, "Baba kuna yai limeoza huku." Mama watoto akaanza kufungua makabati ya jikoni, bibi yao akaapa mayai yake ni ya jana, na mimi muda huo nishanyanyuka naelekea kwenye kona ya stoo kwenye betri ya sola. Nimeigusa ubavuni, ya moto kama chungu. Chaji kontrola, kile kidude kinachozuia sola isiijaze betri kupita kiasi, imekufa na jua lote la mchana limeingia bila breki. Nikatoa waya, nikafungua madirisha, nikawaambia mtu asiwashe kiberiti. Mtoto ananiangalia, "Baba umejuaje?"

Nikamsimulia habari ya Seronera, kule Serengeti. Nusu yake.

Ilikuwa Agosti 2013, bado naendesha lile Land Cruiser la mizigo linalovuta trela la kijani. Ndani ya trela kuna mahema, magodoro, jiko, na friji ya volti 12 ambayo mpishi alikuwa anaipenda kuliko mkewe. Friji inakula betri mbili zilizofungwa sambamba, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana moja ilikuwa ya zamani na moja mpya. Bosi alisema haina haja kununua mbili wakati moja bado inapumua. Fundi wetu pale Unga Limited alimwambia kabisa, mzee, betri kuukuu ukiifunga na mpya ile kuukuu inaivuta mwenzake chini, nunua zote siku moja, saizi moja, aina moja. Bosi akacheka. Angalau zilikuwa betri za sola kweli, zile wanaita dipu saiko, za kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, maana kabla ya hapo tulikuwa na ya gari ya kawaida na ilikufa ndani ya miezi michache. Ya gari pleti zake za ndani ni nyembamba, inatoa moto mwingi kwa sekunde chache gari liwake, basi. Ukiikamua usiku kucha kwa friji ni kama kumpa mkimbiaji wa mita 100 gunia la mahindi apeleke Karatu kwa miguu.

Hesabu nilikuwa naijua, siwezi kusema sikujua. Friji ikiunguruma inavuta kama ampea 4, na kwa joto la mchana inaunguruma karibu nusu ya siku, kwahiyo kwa masaa 24 unaongelea ampea-saa 50 hivi. Betri ya ampea-saa 100 huruhusiwi kuimaliza, unatumia nusu unairudishia, ukizoea kuikausha umeiua. Kwahiyo betri moja nzima ni siku moja tu. Mbili siku mbili, ila mbili nzima.

Na hizi zilikuwa za maji. Ya maji ni rahisi na inavumilia, lakini ni kama mbuzi wa maziwa, ukisahau kuihudumia inakukomesha. Kila mwezi unafungua vizibo sita, kimoja kwa kila chumba cha betri, unaangalia pleti zimefunikwa, unaongeza maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, unasafisha vichwa kwa magadi soda na kuvipaka mafuta ya mgando. Hiyo kazi ilikuwa yangu. Mara ya mwisho nimefungua lini? Mwezi wa tano labda, na hapo katikati tumeshapiga safari kibao kwenye ile barabara baada ya geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ambako lami inakwisha na trela linatetemeka mpaka boliti zinajifungua zenyewe. Mtetemo ule unakwangua pleti, unga wake unashuka chini ya betri unajilundika taratibu, ukifika juu unaunganisha pleti kwa pleti na chumba kimekwenda.

Jioni ya kuamkia safari ndo nikakumbuka. Nimefungua, pleti za ile ya zamani ziko wazi, zimekauka zina ukungu mweupe. Dogo, yule kijana utingo wetu, akaniambia, "Kaka ngoja nikimbie nikuletee maji ya betri, duka la pale bado wazi." Nikamwambia hatuna muda. Nikachukua chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, nikamimina mpaka mdomoni. Mtu wa Arusha! Mimi ambaye meno yangu yamechorwa na floraidi ya maji ya kwetu nadhani ningejua kuwa maji sio maji tu. Tena kabla ya kuchaji unafunika pleti tu, kujaza ni baada ya kuchaji, maana yanapanda yanamwagika. Nikafunga boksi nikaenda kulala.

Usiku wa pili, kambini Seronera, friji ikazima. Ndani kuna nyama ya watu nane ya siku nne. Nikawasha gari lichaji, trela bado limefungwa nyuma, watalii wa makundi mengine wanapiga kelele za zima hiyo injini, nikajifanya sisikii. Kama dakika 40 hivi ikaja hiyo harufu. Nikadhani ni mayai ya mpishi. Nimeinua mfuniko wa boksi la betri na mvuke ukanipiga usoni, macho yakawaka, nikarudi nyuma nakohoa. Dogo kaja na tochi ya kichwa, kazima gari kwanza, halafu akakaa pembeni muda, hata hakusogea, anaacha upepo upite. Mimi nimesimama tu. Ndipo akafungua vizibo kimoja kimoja, mkono umezungushiwa taulo, akaniita nione. Mpaka leo naiona ile picha. Vyumba vitano vinachemka kama maharage, povu linaruka, na cha sita kimetulia tuli kama maji ya mtungi. Hakuna hata bubujiko moja. Tochi inamulika humo na unaona pleti zimepinda, maji yake meusi. Mahali pale usiku ule kulikuwa kimya, fisi mmoja tu analia huko kwenye mto, kwiiiuuup, na yale maharage yanachemka.

"Hiki kimekufa kaka," Dogo akasema. Kaweka mita, 10.5 kamili. Betri nzima iliyopumzika ni kama 12.7, ikipungukiwa chumba kimoja inakuwa hiyo hiyo 10.5, na alteneta, ile dinamo ya gari inayochaji, haijui, inaona betri yenye njaa inazidi kusukuma, vile vitano vinababuka.

Hapo hapo mpishi akatokea gizani kuuliza nyama yake, sigara mdomoni. Sikuwahi kuona mtu anaruka vile. Dogo alimpiga kofi la mkono sigara ikaenda majanini, akaikanyaga, ndo akasema "samahani mzee wangu, hewa hii inalipuka." Mpishi kanyanyua mkono amrudishie, akaiangalia betri, akaushusha.

Yaliyobaki ni marefu ila hayana maana. Dogo akaitoa ile mbovu, ile mpya ilikuwa na 11.9, tukaiacha peke yake, tukaichaji kesho yake kwa kuzunguka na gari, nyama nusu ikahifadhiwa na wapishi wa kambi ya jirani na nusu ikachomwa usiku huohuo. Wageni walifurahi, walidhani ndo ratiba. Suruali yangu ya kaki ilivyofuliwa nyumbani ikatoka na matundu ya asidi kama chekecheke.

Kisha yadi, bosi kashika kiuno. "Nani alikuwa anaangalia maji ya hizi betri?"

Nikasema, "Tulimwachia Dogo."

Tulimwachia. Kiswahili kizuri sana jamani, ile "tu" inabeba watu wengi, na mimi nikajificha humo ndani. Dogo aliniangalia mara moja akaangalia chini. Betri ikakatwa kwenye posho zake, na msimu ulipoisha hakuitwa tena. Najiambia bosi naye alikuwa na lake kwa kuchanganya kuukuu na mpya, na ni kweli, ila sio hilo aliloulizwa.

Hii nusu binti yangu hajaisikia.

Jumatatu nikatafuta betri. Nilishasikia siku nyingi kuwa Dogo ana duka lake la sola huko Karatu, namba nikaipata kwa dereva mmoja. Nikapiga kwa simu ya mama watoto. Sauti yake imekuwa nzito. Sikujitaja. Akaniuliza vizuri kabisa, bosi wangu unaiweka wapi, inabeba nini, friji ipo, taa ngapi, usiku mnatumia masaa mangapi. Nikajibu. Akasema bosi wangu kama huna mtu wa kuihudumia chukua jeli au AGM, zile zilizofungwa moja kwa moja, bei imesimama kidogo ila huifungui, na kontrola badilisha kwanza usije ukaua na hii. Nikauliza na ya maji je? Akanyamaza kidogo, nasikia pikipiki zinapita huko kwake.

"Ya maji ipo pia," akasema. "Ila usiiwekee ya kunywa, kaka."