Siku Moja Kazini: Kusaka Watoa Mada wa Maonyesho ya Utalii Arusha

Maonyesho ni mwanzoni mwa Juni. Semina ni 16: siku 2, kumbi 2, vipindi 4 kwa kila ukumbi kila siku. Siku hii ni ya katikati ya Februari, wiki 16 kabla. Februari haikuchaguliwa ovyo. Mapema Machi wenzetu wa Ulaya huwa ITB Berlin, maonyesho makubwa ya utalii ya Ujerumani, na wakirudi wana rundo la barua za wateja. Ombi la kutoa mada lililofika wakati huo huzama.

Saa 2:00 asubuhi. Tunafungua jedwali la Excel. Safu ya kwanza ni ya swali, ya pili ni ya anayeuliza, jina la mtoa mada linakuja safu ya tatu. Maswali tunayakusanya kwa kampuni za utalii, wenye hoteli ndogo na waongoza watalii. Nakala za pasipoti za wageni zihifadhiwe vipi, sasa kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023? Mgeni amelipa kwa kadi, amemaliza safari, kisha ameiomba benki yake imrudishie fedha: tufanyeje?

Mpangilio huo tunaulinda kwa nguvu zote. Ukianza na jina kubwa, utaletewa mada kama "Mustakabali wa Utalii Afrika", ambayo haimhusu mtu yeyote ukumbini, na baada ya dakika kumi watu wameshajirudia mabandani kwao. Ukianza na swali la kadi, utajua kwamba unamhitaji afisa wa kitengo cha kadi anayeshughulikia madai hayo kila siku. Mkurugenzi wake hatufai kwa kazi hii, hata kama picha yake ingependeza kwenye bango.

Saa 3:30. Mialiko. Kwa vipindi 16 tunaandaa majina 40 hivi, kwa kuwa wapo wasiojibu, na wapo wanaokubali kisha wanasafiri. Waraka mrefu wenye historia ya maonyesho hausomwi, kwa hiyo tunaandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Tunakuomba utoe mada ya dakika 30 na kujibu maswali kwa dakika 15, Arusha, siku ya pili ya maonyesho, saa 5:00 asubuhi. Swali ni hili: mgeni akiidai benki imrudishie fedha baada ya safari, kampuni iwe na ushahidi gani? Wasikilizaji ni wamiliki na wahasibu wa kampuni za utalii, kama 80. Tunagharamia nauli, malazi ya siku 2 na posho. Tunaomba jibu kufikia Ijumaa."

Kwa mtumishi wa serikali njia hii haifai. Barua rasmi yenye kumbukumbu namba na muhuri inakwenda kwa mkuu wa taasisi, ikiomba afisa wa kitengo fulani, na nakala anapewa huyo afisa ili aifuatilie kutoka ndani. Bila nakala hiyo, barua hukaa masjala hadi Mei.

Saa 6:00 mchana. Simu za Ulaya, maana Berlin ni saa 4:00 asubuhi na London saa 3:00. Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa zao mbele, kwa hiyo miadi yote ya Aprili tunaiandika kwa saa za Afrika Mashariki na za kwao pamoja.

Kila simu ni dakika 15, na swali letu kuu ni moja: msikilizaji akirudi ofisini kesho yake, atabadilisha nini? Mwenye mada hujibu papo hapo, kwa mfano fomu ya kusainiwa na mgeni au kifungu cha kuongeza kwenye mkataba. Anayeanza kuelezea kampuni yake amekuja kuuza, na huyo tunampeleka kwa mwenzetu wa udhamini. Kipindi kilicholipiwa kipo, lakini kwenye ratiba kinaandikwa wazi kuwa ni cha mdhamini. Kukificha ni kuwadanganya watu waliolipa kiingilio.

Saa 8:30. Fedha na safari. Hapa ndipo wengi huharibikiwa.

Mtoa mada asiye mkazi wa Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye malipo ya huduma. Mkazi hukatwa asilimia 5. Ukimwahidi mgeni dola 500 mkononi, andaa 588, yaani 500 gawanya kwa 0.85. Mkataba useme kama kiasi ni kabla ya kodi au baada ya kodi, la sivyo ugomvi utazuka siku ya malipo.

Viza aombe kwenye tovuti ya Uhamiaji inayoishia na go.tz, kwani zipo tovuti za kuigiza zinazotoza zaidi. Halafu homa ya manjano: anayetoka Ujerumani moja kwa moja hadaiwi cheti, lakini akipitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa zaidi ya saa 12, anadaiwa. Chanjo hutambuliwa baada ya siku 10, hivyo njia ya safari tunaiuliza leo, tiketi ikiwa bado haijakatwa.

Tiketi nazo zina mtego wake. KIA, kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, kwenye tiketi ni JRO, na kiwanja kidogo cha Arusha ni ARK. Viko mbali, karibu kilomita 50, na dereva akipewa jina "Arusha" tu atasubiri kiwanja kisicho chake.

Saa 10:30 jioni. Ratiba. Mjadala tunauwekea watu 3, kamwe si 5: kwenye dakika 45, ondoa 5 za utambulisho na 15 za maswali, zinabaki 25. Watu watano watapata dakika tano tano, na hakuna atakayefika kwenye jambo lenyewe. Saa moja baada ya ufunguzi tunaiacha tupu, kwa kuwa mgeni rasmi akichelewa, semina ya kwanza ndiyo inayoumia. Wenye kampuni za Arusha tunawapanga asubuhi ya siku ya kwanza, maana Juni wageni wao wameanza kutua na simu moja kutoka porini inaweza kuwaondoa.

Kila ukumbi una mtu wa akiba kila siku, mkazi wa Arusha au Moshi, mwenye mada yake tayari. Naye analipwa posho hata asipopanda jukwaani.

Saa 11:30. Tunawaandikia waliokosa nafasi, siku hiyohiyo, tukitaja sababu: swali limeshapata mtu, au mada imefanana na tangazo. Wengi wao ni waonyeshaji wetu, na baadhi watahitajika Mei, nafasi zitakapoanza kuachwa wazi.