Yuan Kichwa Kikubwa

Mwaka wa pili wa masomo yangu Beijing nilinunua sarafu ya fedha kwa yuani 380 katika soko la vitu vya kale, nikarudi nyumbani nimeifumbata ndani ya mfuko wa koti. Ilikuwa zawadi ya Bibi. Bibi yangu, kule Unguja, alikuwa na reale moja ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, aliyoachiwa na mama yake, imeandikwa mwaka 1780. Reale hizo zilizotengenezwa baada ya malkia kufa zote zimeandikwa 1780, hata za karne ya 20. Nilitaka kuipatia mwenzake.

Niliyonunua, Wachina huiita Yuan Datou, yaani Yuan Kichwa Kikubwa, kwa sababu upande mmoja umejaa kichwa cha Yuan Shikai, rais wa miaka ya mwanzo ya Jamhuri ya China. Ilianza kutolewa 1914. Upande wa pili ina mashuke ya nafaka yaliyozunguka maneno "yuani moja". Yangu ilikuwa imefubaa vizuri, nyeusi kwenye mikunjo ya nywele, na muuzaji aliiwekea sumaku mbele ya macho yangu nione kuwa hainasi. Hapo ndipo nilipotoa pesa. Sikufikiri kwamba shaba nayo haishikwi na sumaku.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Nilimwita "yeye", maana kwa Kichina neno "yeye" ni babu, na kila nilipomwita hivyo nilijihisi niko karibu kidogo na kwetu. Aliipokea sarafu bila hata kuitazama. Akaibana katikati kwa ncha za kucha mbili, akaipuliza ukingoni kwa nguvu, kisha upesi akaipeleka sikioni. Hakusema kitu. Aliingia chumbani akatoka na ya kwake, imeviringwa kwenye kitambaa chekundu.

Mama yake aliificha Novemba 1935, serikali ilipoziondoa sarafu za fedha kwenye mzunguko na kuwataka watu wazikabidhi wapewe noti. Noti zenyewe baadaye zikaporomoka hadi zikawa hazinunui kitu. Mzee aliyasimulia haya polepole, kwa uchungu, kana kwamba ni juzi tu. Kisha akaipuliza ile ya mama yake, akaiweka kwenye sikio langu. Nilisikia mvumo mwembamba, kama mbu aliye mbali, ukaendelea na kuendelea mpaka sikujua umekatika lini. Akaipuliza yangu. Kimya.

Nilikataa kuamini. Nikamwambia labda nimeisikiliza vibaya.

Basi akaleta mizani yake ndogo ya kupimia majani ya chai. Ya mama yake: gramu 26.71. Yangu: gramu 26.74. Moyo ukanirudi, kwa kuwa uzito wa sarafu hizo ni gramu 26 na ushee. Mzee akatikisa kichwa. Akaweka kikombe chepesi cha maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaifunga sarafu ya mama yake kwa uzi na kuining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikasoma 2.60. Hayo ni maji yaliyosukumwa. Gawanya 26.71 kwa 2.60, unapata zaidi kidogo ya 10.2, yaani sarafu ni nzito mara kumi na ushee kuliko maji ya ujazo wake, na fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, kama ya sarafu hizi, hukaa hapo hapo. Yangu ikasoma 3.12. Niligawanya mwenyewe, mara mbili, kwenye karatasi: 8.57. Shaba nyeupe ya bei rahisi, au nyeusi, sikujali tena. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko fedha, aliyeibuni aliinenepesha ili uzito utimie. Tulipozisimamisha bega kwa bega, unene wake ulionekana kwa macho.

Ndipo mzee akanionyesha kwa kioo cha kukuzia mambo ambayo ningeyaona sokoni kama ningejua. Kwenye yake, herufi zilisimama wima, zimekatika makali pale zinapokutana na uso wa sarafu. Kwenye yangu zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, na kati ya mashuke palikuwa na vitundu vidogo vidogo vya shaba iliyomiminwa kwenye kalibu. Weusi uliokuwa kwenye nywele ulitoka kwa kitambaa chenye mate. Aliniambia pia kuwa ziko bandia za fedha halisi, ambazo mizani na maji haviwezi kuzikamata, na hizo zinataka macho tu.

Julai nilikwenda likizo. Bibi aliketi barazani, nikampa kanga ya hariri niliyomnunulia badala yake. Lakini alikuwa ameshasikia habari ya sarafu, akaidai. Nikamtolea. Macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi. Aliipima kwa kiganja, akaiangusha kwenye saruji ya baraza, ikalia kali, fupi. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa reale, akaiangusha mahali pale pale, akainamisha kichwa mpaka mlio ulipokwisha.

"Shaba hiyo, mjukuu wangu," akasema. "Umeilipia ngapi?"